Mimba Inaposhika: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Mwezi uliopita safu hii iligusa kwa aya moja tu namna kiinitete kinavyojishikiza katika ukuta wa mji wa mimba, na barua zilizofuata zimenionyesha kwamba aya moja haikutosha. Nimechagua barua sita. Baadhi nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kando kama walivyoomba.

Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 37 na ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Mimi na mume wangu tumefanya IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kiinitete kuwekwa katika mji wa mimba, mara tatu. Kila mara tuliambiwa kiinitete ni kizuri, na cha mwisho kilipewa alama ya 4AA, lakini siku ya kipimo majibu yanakuwa hasi. Mavyaa anasema ukoo wetu una kizazi kisichopokea, kwa sababu mama yangu mdogo hakujaliwa mtoto. Je, kuna jeni ya kizazi kukataa mimba, na kama ipo, inapimika?

Marahaba, dada yangu. Barua yako ina maswali mawili yaliyoshikana, na huzuni nyingi isiyo ya lazima huanzia pale yanapochanganywa. La kwanza ni kama kuna jeni zinazoendesha kazi ya kushika mimba: zipo, tena nyingi. La pili ni kama mimba zako hazikushika kwa sababu ulirithi jeni mbovu: uwezekano huo ni mdogo sana. Jeni inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifanye kazi siku inayohitajika, kama taa ambayo balbu yake ni nzima lakini swichi haijabonyezwa.

Yai linaporutubishwa katika mrija wa uzazi, kiinitete husafiri kwa siku tatu hadi nne kabla ya kuingia katika mji wa mimba. Safari hiyo huianza kwa akiba iliyowekwa ndani ya yai, kwa maana jeni zake mwenyewe bado zimelala. Mwaka 1988 Peter Braude na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba jeni za kiinitete cha binadamu huanza kazi kati ya hatua ya seli nne na ile ya seli nane, yaani yapata siku ya tatu. Kufikia siku ya tano au ya sita kimekuwa blastosisti, tufe lenye maji ndani na seli mia moja au zaidi, lenye upana wa sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita, dogo kama punje ya chumvi laini. Ukikitazama kwa darubini wakati huo utakiona kikitanuka, kikisinyaa na kutanuka tena, mpaka ganda linalokizunguka lipasuke na chenyewe kianze kuchomoza kupitia ufa mwembamba, sehemu moja ikiwa nje na nyingine ingali ndani. Seli za pembeni ndizo zitakazokuwa kondo la nyuma, na fungu dogo lililojikusanya upande mmoja ndilo litakalokuwa mtoto. Seli za pembeni hugusa ukuta, hung'ang'ania, kisha huchimba, na katika siku chache kiinitete kizima huwa kimezama chini ya ngozi ya ndani ya mji wa mimba, na tundu lililobaki juu likazibwa. Wahenga waliosema "kushika mimba" hawakuwa na darubini, lakini kitenzi chao hakikukosea.

Ukuta nao haupokei siku zote. Homoni ya estrojeni huunenepesha, kisha ile ya projesteroni, baada ya yai kutoka, huubadilisha tabia, na katika mzunguko wa siku 28 nafasi ya kupokea huwa takriban siku ya 20 hadi ya 24. Katika siku hizo jeni nyingi za ukuta huongeza kazi na nyingine hupunguza. Mfano ni jeni iitwayo HOXA10, ambayo ni ya familia ya jeni zinazopanga mwili wa kichanga tumboni, zikiamua kipi kiwe wapi; kumbe mwili wa mwanamke mzima huitumia tena kila mwezi, na mwaka 1998 Hugh Taylor na wenzake walionyesha kwamba kazi yake katika ukuta wa mji wa mimba hupanda wakati uleule ambao kiinitete hutarajiwa kufika.

Jaribio lililofundisha wengi lilifanywa na Colin Stewart na wenzake, wakalichapisha mwaka 1992. Waliwatengeneza panya wa maabara wasio na jeni ya protini iitwayo LIF. Majike hao walitoa mayai, mayai yakarutubishwa, viinitete vikafika hatua ya blastosisti, kisha vikabaki vikielea katika mji wa mimba bila kushika. Watafiti walipovichukua viinitete vilevile na kuviweka kwa jike mwenye LIF, vilishika na kukua. Kosa lilikuwa la ukuta peke yake. Ugunduzi huo uliamsha matumaini kwamba wanawake ambao mimba haishiki wangechomwa LIF na mambo yakaisha, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2009, lililowahusisha wanawake wenye historia kama yako, halikuonyesha faida yoyote. Panya mmoja aliyenyang'anywa jeni moja si sawa na mwanamke mwenye jeni zote.

Sasa nije kwenye sababu ambayo, kwa maoni yangu, ingepaswa kuelezwa kwako kabla ya mtu yeyote kutaja ukoo. Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote, na kila yai limesimama katikati ya mgawanyiko tangu kabla ya kuzaliwa kwake, kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zikiwa zimefungwa pamoja kwa pete za protini. Yai litakalotoka mwezi huu kwa mwanamke wa miaka 37 limengoja miaka 37, na pete hizo huchakaa. Mgawanyiko unapokamilika, kromosomu moja huweza kwenda upande usio wake, na kiinitete kikapata kromosomu tatu za namba 16 badala ya mbili, au moja ya namba 21 badala ya mbili. Viinitete vingi vya aina hiyo havishiki kabisa, na vinavyoshika vingi huharibika mapema. Yapata nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza hukutwa na kasoro za namna hii. Kwa wanawake walio katika miaka ya mwisho ya ishirini, kasoro huonekana katika takriban robo hadi theluthi ya viinitete vya siku ya tano. Kwa wenye miaka 40 huzidi nusu. Kasoro hiyo hukurithi kwa mtu, wala huna dada au shangazi wa kumlaumu. Ni ajali ya yai moja moja.

Na ile 4AA? Alama hiyo hueleza umbo: nne ni kiwango cha kutanuka, A ya kwanza ni fungu la ndani, A ya pili ni seli za pembeni. Ni kama kuchagua embe sokoni kwa kuitazama ngozi. Embe zuri kwa nje mara nyingi huwa zuri ndani, lakini mdudu haonekani mpaka ulikate.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka mtandao wa kliniki nchini Marekani uliwafuatilia zaidi ya wanawake 4,000 waliowekewa kiinitete kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa kimepimwa na kukutwa na kromosomu kamili. Kufikia jaribio la tatu, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 walikuwa wamepata mimba iliyoendelea. Ni kweli kwamba hao ni wanawake walioweza kutoa viinitete vya kupimwa, na wengi hawafiki hapo. Hata hivyo matokeo hayo yanaonyesha kwamba mji wa mimba unaokataa kiinitete kizima mara kwa mara ni jambo adimu. Mavyaa amejenga shtaka lake juu ya jambo adimu, ilhali kuhusu mama yako mdogo hujui kama tatizo lilikuwa lake au la mumewe, na mama yako, aliyetoka katika ukoo huohuo, alikuzaa wewe.

Kabla ya jaribio la nne, ulizia mambo ambayo yana dawa. Kama mrija wa uzazi umeziba na kujaa maji, maji hayo huvuja kuingia katika mji wa mimba, na imeonekana kwamba hupunguza hata kazi ya HOXA10. Kuuondoa au kuufunga mrija huo kabla ya IVF huongeza nafasi ya kufanikiwa. Uvimbe wa fibroidi unaochomoza ndani ya mji wa mimba nao hudhoofisha jeni hiyohiyo, na huku kwetu fibroidi si habari ngeni. Kama umewahi pia kuharibikiwa mimba, nyote wawili mwombe kipimo cha kromosomu cha damu, kwa kuwa takriban mtu mmoja kati ya 500 ana vipande vya kromosomu mbili vilivyobadilishana nafasi bila kumdhuru mwenyewe, ila mayai au mbegu zake hubeba mzigo usio sawa.

Kuhusu kupima kromosomu za kiinitete kabla ya kukiweka, katika umri wako kuna hoja ya kufanya hivyo, mradi ujue kwamba seli zinazochukuliwa ni chache, tena ni za pembeni, za kondo la baadaye. Mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti kwamba waliwawekea wanawake 18 viinitete vilivyoonekana kuwa na mchanganyiko wa seli nzima na zenye kasoro, na sita kati yao walijifungua watoto wenye afya. Kwa hiyo kiinitete cha mchanganyiko kisitupwe kwa haraka.

Daktari, nilichelewa siku zangu kwa siku mbili, nikanunua kipimo cha mkojo duka la dawa, kikaonyesha mstari wa pili hafifu sana. Siku tatu baadaye nikapata hedhi, nzito kidogo kuliko kawaida. Mume wangu anasema kipimo kilikuwa kibovu. Nani yuko sahihi? — Mwanza

Kipimo kilikuwa sahihi. Mstari ule husoma homoni ya hCG, ambayo hutengenezwa na seli za pembeni za kiinitete kwa maelekezo ya kundi la jeni zilizoko katika kromosomu ya 19. Kazi yake ni kuiambia ovari iendelee kutoa projesteroni ili ukuta usibomoke. Kwako kiinitete kilishika, kikatuma ujumbe, kisha kikakoma.

Jambo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani walipima mkojo wa wanawake kila siku, na katika ripoti yao ya mwaka 1988 walionyesha kwamba katika mimba 198, asilimia 22 zilikwisha kabla mwanamke hajajua kwamba ni mjamzito. Katika ripoti ya mwaka 1999 waliongeza kwamba mimba nyingi zilizodumu zilishika siku ya nane hadi ya kumi baada ya yai kutoka, na kila siku ya kuchelewa iliongeza hatari: zilizoshika kufikia siku ya tisa zilipotea asilimia 13, lakini zilizoshika baada ya siku ya 11 zilipotea asilimia 82. Kiinitete chenye kasoro mara nyingi huwa ndicho kinachosuasua. Zamani tukio kama lako lingeitwa tu hedhi iliyochelewa.

Mwandishi, mimi ni mwalimu wa baiolojia huko Bukoba. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wameniuliza swali ambalo kitabu hakikunisaidia: figo ya mtu mwingine mwili huikataa, na kiinitete kina nusu ya jeni za baba. Kwa nini mama hakikatai?

Mwalimu, wapongeze wanafunzi wako. Mtafiti wa kinga Peter Medawar aliuliza swali hilohilo mwaka 1953, na sehemu ya majibu imepatikana kwa kushangaza.

Figo hukataliwa kwa sababu seli zake huonyesha protini za HLA, ambazo ni kama vitambulisho, na kinga ya mpokeaji huona kwamba ni za mgeni. Seli za kondo zinazochimba ukuta wa mji wa mimba huzima vitambulisho vya HLA-A na HLA-B, vile vinavyoleta ugomvi mkubwa, na kubaki na vichache, hasa HLA-C na HLA-G. Tabaka la nje la kondo, linalooshwa na damu ya mama moja kwa moja, halionyeshi HLA yoyote. Tabaka hilo ni la ajabu: seli nyingi zimeungana na kuwa kitu kimoja kisicho na mipaka ndani yake, kama unga wa chapati uliokandwa mpaka matonge hayaonekani. Mwaka 2000 Sha Mi na wenzake walieleza protini inayoziunganisha, wakaiita sinsitini. Jeni yake iko katika kromosomu ya 7, na asili yake ni kirusi kilichowaambukiza mababu wa nyani na binadamu zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita. Kirusi kilitumia protini hiyo kujiunga na seli ili kuingia ndani. Mwili ukaichukua na kuifanyia kazi ya uzazi. Panya wana jeni inayofanya kazi hiyohiyo, iliyotokana na kirusi kingine, na walipoondolewa jeni hiyo viinitete vyao vilikufa katikati ya mimba. Kila mwanafunzi wako amelishwa na mama yake kwa miezi tisa kupitia mabaki ya kirusi, na nadhani hilo litawakalisha kimya kwa dakika moja.

Kinga ya mama nayo hailali. Katika mimba changa, seli nyingi za kinga zilizoko katika ukuta ni zile ziitwazo NK, ambazo katika damu ni wauaji wa seli zenye virusi. Katika mji wa mimba haziui. Husaidia kuipanua mishipa ya damu ya mama ili kondo lipate damu ya kutosha. Seli hizo zina vipokezi vya KIR vinavyosoma HLA-C ya kiinitete, pamoja na ile iliyotoka kwa baba. Mwaka 2004 kundi la Ashley Moffett la Cambridge lilionyesha kwamba mchanganyiko fulani wa KIR ya mama na HLA-C ya mtoto huongeza hatari ya shinikizo la damu la mimba, ambalo likizidi huleta kifafa cha mimba. Kisha Annettee Nakimuli akafanya uchunguzi huo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2015, na kukuta kwamba jeni za KIR zinazowakinga wanawake wa Uganda si zile zinazowakinga wanawake wa Ulaya: ziko katika eneo la kromosomu ambalo Wazungu hawakuonekana kuwa nalo kwa namna hiyo. Mfano huu ni wa karibu na darasa lako kuliko ule wa kitabuni, na unawaonyesha vijana kwa nini haifai jeni za uzazi zichunguzwe Ulaya pekee.

Assalaam alaykum. Mimi na mke wangu ni watoto wa ndugu wawili, kama ilivyo desturi ya kwetu Unguja. Mimba mbili zimeharibika. Tumeambiwa damu zetu zinafanana mno, kwa hiyo mwili wake hautambui mimba, na kwamba anaweza kuchomwa sindano ya chembe nyeupe za damu yangu. Tuikubali?

Wa alaykumu s-salaam. Msiikubali.

Wazo lenyewe lina mzizi katika utafiti wa kweli. Binamu wa damu hushirikiana kwa wastani moja ya nane ya jeni zao, na baadhi hushiriki HLA. Carole Ober wa Chicago aliwafuatilia kwa miaka mingi Wahutterite, jamii ya Kikristo ya wakulima wa Amerika Kaskazini wanaooana wenyewe kwa wenyewe, akaona kwamba wenzi waliofanana HLA walipoteza mimba mara nyingi zaidi kuliko wasiofanana. Lakini jamii hiyohiyo, katikati ya karne ya 20, ilikuwa na familia za watoto tisa au kumi kwa kawaida, na tafiti za nchi nyingi hazionyeshi kwamba ndoa za binamu huzaa watoto wachache. Kufanana kwa HLA huongeza hatari kidogo, hakufungi mlango.

Ama sindano, Ober huyohuyo aliipima, na matokeo aliyachapisha mwaka 1999: kati ya wanawake waliochomwa chembe za waume zao, asilimia 36 walifanikiwa, na kati ya waliochomwa maji ya chumvi, asilimia 48. Sindano haikusaidia, na huenda ilidhuru. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru isitolewe nje ya utafiti rasmi. Kwamba bado inauzwa mahali fulani miaka mingi baadaye ni jambo linaloniudhi, na sitalificha.

Pale ambapo undugu wenu una uzito ni katika jeni zinazodhuru tu mtoto akizipata kutoka pande zote mbili. Siko seli ni mfano ulio karibu nasi: pimeni wote wawili, kama hamjapima. Na nauliza jambo moja ambalo barua yako haikulitaja. Je, kati ya mimba zilizoharibika kulikuwa na mimba zabibu, ile ambayo kondo huvimba vijifuko vya maji na mtoto haonekani? Mimba zabibu nyingi hutokea mara moja kwa bahati mbaya, kwa kawaida pale yai linapopoteza kromosomu zake na kiinitete kikabaki na za baba peke yake. Kuna wanawake wachache ambao huipata mara kwa mara kwa sababu wamerithi jeni ya NLRP7 yenye kasoro kutoka kwa baba na mama, na ndoa za ndugu huongeza nafasi ya kurithi hivyo. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2006. Hali hiyo ni ya urithi hasa, na tatizo lake limo ndani ya yai wala si katika ukuta. Kama mimba zenu zilikuwa za kawaida zikakoma, hili haliwahusu, na kipimo cha kromosomu chenu wawili kinatosha kuanzia.

Daktari, kliniki moja ya Nairobi imenishauri nifanye kipimo cha jeni za ukuta wa mfuko wa uzazi ili kujua siku yangu halisi ya kupandikizwa kiinitete. Bei yake ni kubwa. Kina thamani?

Kipimo hicho, kinachojulikana kama ERA, kilielezwa mwaka 2011 na watafiti wa Valencia, Hispania. Huchukua kipande kidogo cha ukuta na kusoma kazi ya jeni 238, kisha kompyuta huamua kama ukuta uko tayari, umetangulia au umechelewa. Angalia kwamba hakisomi jeni ulizorithi. Kinasoma zilizokuwa zinafanya kazi saa ile, katika mzunguko ambao kiinitete hakitawekwa. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio lililowagawa katika makundi mawili, kwa bahati nasibu, wagonjwa 767 wenye viinitete vyenye kromosomu kamili. Waliowekewa kwa saa iliyopangwa na kipimo walijifungua asilimia 58.5, na waliowekewa kwa saa ya kawaida asilimia 61.9. Elimu iliyo nyuma yake ni nzuri na naiheshimu, ila kwa fedha yako mwenyewe ningekushauri uiweke kwa jaribio jingine la kuwekewa kiinitete.

Daktari, mimi ni mama wa miaka 44, Arusha. Nimeshauriwa nitumie yai la mwanamke mwingine. Swali langu ni hili: mtoto akikaa katika tumbo langu miezi tisa na kula damu yangu, hatachukua chochote changu?

Mambo ya dini na sheria katika uamuzi huu utayapeleka kwa wanaoyajua. Upande wa jeni una kisa cha zamani. Tarehe 27 Aprili 1890, nchini Uingereza, Walter Heape alichukua viinitete viwili vya sungura aina ya Angora, wale wenye manyoya marefu meupe, akaviweka kwa sungura jike wa aina nyingine aliyekuwa amepandwa na dume wa aina yake. Jike huyo alizaa watoto sita: wanne wa kwake na wawili wa Angora, manyoya marefu vilevile, bila dalili yoyote ya tumbo lililowabeba. Rangi, kundi la damu na sura vitatoka kwa mwenye yai na kwa mumeo.

Lakini kisa cha Heape hakimalizi habari. Juu ya jeni kuna alama ndogo za kikemikali zinazoamua ipi ifanye kazi na kwa kiasi gani, na baadhi huwekwa katika siku zilezile za mwanzo ambazo kiinitete kinashika. Katika vijiji vya Gambia, ambako chakula cha msimu wa mvua na cha kiangazi hutofautiana sana, watafiti waliwapima watoto na kukuta kwamba alama hizo katika baadhi ya jeni zilitofautiana kulingana na msimu ambao mimba ilitungwa na virutubisho vilivyokuwa katika damu ya mama wakati huo. Waliochapisha matokeo hayo mwaka 2014 hawakuzungumzia yai la kuazima, ila hoja inakuhusu: herufi za jeni za mtoto hazitakuwa zako, lakini damu itakayokilisha kiinitete tangu kinaposhika itakuwa yako, pamoja na kilichomo ndani yake. Kwa hiyo anza sasa kidonge cha foliki asidi cha mikrogramu 400 kila siku, usingoje siku ya kuwekewa, na pima shinikizo la damu na sukari kabla ya kulipia chochote, kwa sababu katika miaka 44 kondo litakalojengwa litategemea mishipa yako, yai liwe limetoka kwa nani.